Buti za vifungo za mtindo wa Malkia Victoria: nimezivaa miezi saba hapa hapa Mtwara

Kabla sijaanza niseme tu mi ni fundi cherehani, niko Magomeni hapa Mtwara mjini, viatu sio fani yangu. Ila mwaka jana kuna mteja aliniletea picha ya gauni kwenye simu anataka la send-off, lile la kizamani la kizungu, mikono mirefu, shingo imepanda juu, nyuma vifungo kama thelathini hivi, mi nikashona, likatoka zuri sana, siku ya kujaribisha akasimama mbele ya kioo akiwa na kandambili na nikaona kabisa hapa kuna kitu kinapungua. Yeye mwishowe alivaa skuna zake za dhahabu na akapendeza. Mi ndo nikabaki na ugonjwa, kila nikipumzika naingia kwenye simu natafuta picha za viatu vya enzi hizo, zile buti fupi za ngozi zinazoishia juu kidogo ya kifundo cha mguu. Basi nikasema ntazitafuta mpaka nizipate.

Nimezipata Soko Kuu, upande wa mitumba. Kwa wasiojua, ukitaka kiatu cha maana usije saa sita, njoo asubuhi siku wanayofungua robota, na usije msimu wa malipo ya korosho maana watu wana hela na kaka zetu bei wanazipandisha bila hata aibu. Mi nilienda mwezi wa tatu, mvua imetoka kunyesha, soko limepoa. Nikaziona zimelala chini ya raba za watoto, moja imekunjamana, rangi ya kahawia iliyokolea, vifungo saba vyeusi vimepanda pembeni kwa nje kama ngazi. Moyo ukaruka ila uso nikaukaza, unajua tena mitumba ukionyesha tu umependa umekwisha.

"Kaka hii bei gani?"

"Sitini dada. Hiyo ngozi, nusa."

Nikanusa kweli. Ngozi ina harufu yake, plastiki haiwezi kuiga, inanuka kama mkoba wa mwalimu mkuu wa zamani. Ila mi sikumalizia kwenye kunusa, nikageuza kiatu ndani nje kama ninavyogeuza nguo, kwa sababu kushona ndo kazi yangu na mshono haujui kudanganya. Mishono ya mbele imepita mara mbili sambamba, hatua ndogo ndogo zinalingana. Matundu ya vifungo yamezungushiwa uzi kwa kubanwa sana, yaani yule aliyefanya ile kazi hakuwa na haraka. Chini soli ni ya ngozi na pembeni kuna ukanda mwembamba unaozunguka kiatu chote na uzi unaonekana umepita juu yake. Hapo sikujua bado maana ya ule ukanda, nilijua tu kwamba kitu kilichoshonwa kinaweza kufumuliwa kikashonwa tena, kilichobandikwa kikibanduka ndo basi. Tukavutana mpaka 35,000, akanipa na mfuko.

Niwatoe wasiwasi, hizi sio za kale kweli. Lebo ya ndani imefutika lakini kuna namba 39 na nembo zile za alama za kisasa, kwa hiyo ni za kuigiza, zimetengenezwa juzi juzi kwa watu wanaopenda mambo ya zamani. Victoria alitawala Uingereza kuanzia 1837 mpaka 1901, ngozi ya umri huo ingefika Mtwara ishakuwa biskuti. Ila aliyeigiza kaigiza vizuri, na hilo ndo nataka kuliongelea, maana nimekuja kugundua mimi nakagua kiatu kimoja lakini ndani yake kuna nusu ya viatu vyote tunavyovaa leo.

Sasa vifungo. Jamani. Saba kila mguu, jumla kumi na nne, na tundu la kifungo la ngozi sio kama la shati, halitanuki, kidole hakiingii. Mara ya kwanza nilitumia karibu dakika ishirini, bodaboda yuko nje anapiga honi, mama anauliza dirishani "unavaa viatu au unavishona?" Wenyewe kina mama wa enzi hizo walikuwa na kifaa chake, kijiti chenye ndoano ya chuma mbele, unaingiza kwenye tundu, unanasa kifungo, unavuta, kinapita. Mi sina, ila nina sindano ya kulosheti namba tatu, na haki ya Mungu inafanya kazi ile ile! Sasa hivi natumia dakika nne miguu yote miwili na sindano inakaa kwenye pochi muda wote. Kama huna uvumilivu huo usinunue za vifungo, nunua za kamba, mtindo ni ule ule. Na angalia usiuziwe zile zenye vifungo vya urembo tu halafu zipu imefichwa kwa ndani, zipu ya kiatu ikifa huwa inakufa siku ya harusi.

Kwa nini walijitesa hivyo? Mi kama fundi nguo nimeelewa upande wa sketi. Miaka ya 1850 kulikuwa na sketi zile pana zenye matao ya chuma ndani, zinaelea kama mwavuli, mtu akitembea inayumba huku na huku na mguu unaonekana, na wale mguu kuonekana ilikuwa habari. Kabla ya hapo walikuwa wanavaa viatu vyepesi vya kitambaa kama vya kuchezea ndani. Sasa mguu unaonekana, barabara zina matope na kinyesi cha farasi, buti ikaingia: inaficha kifundo, inakinga uchafu, na ikibana vizuri mguu unaonekana mwembamba. Yaani heshima na ulimbwende vimekaa kwenye kiatu kimoja, sisi watu wa pwani tunalielewa hilo bila kuelezwa.

Tuje kwenye kuvaa. Kisigino kina sentimita kama tano, kimebanwa katikati na kutanuka chini, na nilitegemea kitanisumbua ila hakisumbui, sababu kifundo kimeshikwa pande zote. Mi nasimama kwenye meza ya kukatia kitambaa toka saa mbili asubuhi, na siku nikivaa hizi mgongo unatulia kuliko siku ya kandambili. Joto ndo tatizo na sitalificha. Siku za joto kali hapa hewa haitembei, jasho linatoka tu umekaa, ukivua buti jioni soksi unaweza kuikamua. Ngozi halisi inapumua kidogo, inakunywa jasho halafu inalitoa usiku, kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba sivai siku mbili mfululizo, siku ya pili zinakaa kivulini na gazeti limejazwa ndani. Soksi ya pamba tupu, sio nailoni.

Mchanga nao. Shangani ufukweni usijaribu kabisa, mchanga unapenya kwenye upenyo wa vifungo, unaingia mpaka vidoleni na huwezi kuvua pale pale maana kuvua na kuvaa ni mradi. Kwenye lami na kwenye vumbi la kawaida hamna shida.

Siku moja nilizivaa nikaenda Mikindani kupeleka nguo za mtu, nimetoka stendi natembea kwenye ile mitaa ya zamani ya nyumba za mawe, kuna wazee wamekaa barazani wanakunywa kahawa, mmoja akaniangalia miguuni muda mrefu, akasema, "Mwanangu, hizo si viatu vya Livingstone hizo? Alivisahau hapa." Wenzake wakacheka mpaka kikohozi. Nikamwambia babu nimevileta nimrudishie. Lakini nilipokuwa narudi kwenye daladala nikawa nawaza yule mzee hajakosea sana, Livingstone alipita Mikindani 1866 akielekea bara, katikati kabisa ya enzi ya huyo Victoria, na wakati huo huko kwao ndo buti zilikuwa zinavaliwa sana. Miguu iliyovaa viatu hivi ilikwisha kanyaga hapa muda mrefu kabla ya mimi kuvikuta chini ya raba za watoto.

Mdogo wangu wa kiume yeye ana aina nyingine, hana habari kabisa kama ni ndugu na hizi zangu. Zile buti fupi nyeusi zisizo na kamba wala kifungo, pembeni zina lastiki, unazama mguu tu. Wanaziita Chelsea, na yeye kwa sababu ni shabiki wa mpira anajua zimetokana na timu. Hazitokani na timu, zinatokana na mtaa, huo huo wa Chelsea London, vijana wa mjini wa miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wanazipenda pale, na kina Beatles, ile bendi ya muziki, wakaongeza kisigino kirefu na ncha mbele dunia nzima ikapagawa. Ila kiatu chenyewe ni cha Malkia! Fundi viatu wake, Joseph Sparkes Hall, ndiye aliyekisajili, buti ya lastiki ubavuni, na akajisifu kwamba Malkia mwenyewe anatembea nazo kila siku. Yaani mtoto wa Chikongola anavaa kiatu cha bibi mwenye taji halafu anakataa kuvaa kanzu kwa sababu ni ya kizee.

Na hapa kwenye lastiki mnivumilie maana ndo kazi yangu. Zamani mpira ulikuwa upo lakini ulikuwa hauna maana, joto likija unakuwa gundi, baridi ikija unakatika kama kuni. Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, akahangaika miaka mpaka akagundua ukichanganya mpira na salfa ukaupika unatulia, unavutika na kurudi. Hati yake ya Marekani ni ya 1844. Salfa! Hii hii tunayopulizia mikorosho kwa ajili ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, ile inayofanya mwezi wa sita kijiji kizima kinanuka kama kiberiti. Nilivyosoma hivyo nilimpigia baba simu Newala, nikamwambia baba mnapoteza viatu vya watu kwenye mikorosho, akadhani nimeugua. Huyo Goodyear mwenyewe kafa 1860 na madeni mpaka shingoni, kampuni ya matairi yenye jina lake imeanzishwa na watu wengine 1898 kumuenzi tu, familia yake haikuhusika.

Tatizo la lastiki ni lile lile la chupi, joto na jasho vinaila. Za mdogo wangu zilishalegea, mguu unacheza ndani, kila hatua kiatu kinasema plap plap. Nikafumua ubavu, nikaweka lastiki pana ya kufumwa mara mbili, nikapitisha kwa sindano nene ya ngozi polepole kwa kuzungusha gurudumu la cherehani kwa mkono. Ikakaa. Ila kuna fundi viatu wanaojua kuliko mimi, mi nilifanya kwa sababu ni mdogo wangu na hana hela. Ukinunua za aina hiyo mtumbani vuta lastiki kwa vidole ukiwa palepale: ikirudi haraka chukua, ikijikunyata na kuacha mawimbi mawimbi ujue imeshakufa, mwambie akupunguzie.

Sasa niwape na kisa cha huzuni. Kabla sijapata hizi za mtumba niliagiza pea mpya kwa duka moja la mtandaoni, liko Dar, jina sitaji, elfu themanini na tano pamoja na kutumiwa kwa basi. Picha tamu, "ngozi orijino", kamba mbele, vitundu vya shaba, kila kitu. Zikafika kwenye boksi zinanuka rangi. Wiki ya pili pale mguu unapokunjika ukatokea ufa, wiki ya tano ule ufa ukaanza kutoa magamba kama mjusi, chini ya gamba kuna kitambaa cheupe. Kumbe ni kitambaa kimepakwa plastiki! Nikawatumia picha, wakaniandikia "mpenzi umezivaa vibaya", nikawauliza kiatu kinavaliwa vibaya vipi, kichwani? Kimya mpaka leo. Soli yake nayo ni ile ya povu iliyobandikwa. Hizo soli za povu zina ugonjwa wake na sisi wa pwani lazima tuujue, unyevu wa hewa unazimeng'enya polepole hata kama hujavaa, unaweka kiatu kabatini kizima, baada ya miaka kadhaa unakitoa siku ya sikukuu unapiga hatua tatu soli inabaki chini vipande vipande kama andazi la juzi. Kwa hiyo mtu akikwambia "hizi sijazivaa kabisa, zimekaa tu" na soli ni ya povu, hiyo sio sifa.

Basi tofauti niliiona mwezi wa sita, soli ya ngozi ya hizi za vifungo ilipoliwa pembeni kwa sababu natembea kwa kuvuta mguu wa kulia, nimeambiwa toka shule. Nikapeleka kwa mzee wangu wa viatu, anakaa chini ya mwarobaini ana sanduku lake na nyundo na tairi lililokatwa. Akazigeuza, akapitisha kucha kwenye ule ukanda wa pembeni, akanyamaza, halafu akaita kijana wake, "Njoo uone kiatu." Akafungua uzi wa soli taratibu, soli ikatoka nzima bila kuchana hata kidogo sehemu ya juu, ndani kuna tabaka la kizibo, ile koki laini ya kuzibia chupa, akanionyesha: ngozi ya juu imeshonwa kwenye ule ukanda kwanza, halafu soli inashonwa kwenye ukanda peke yake. Soli ikiisha unatoa soli tu, kiatu hakiguswi. Kile kizibo kimekwisha umbwa na unyayo wangu, unaona kabisa vidole vitano vimejichora.

Huo ukanda zamani ulikuwa unashonwa kwa mkono, kazi ya kufa mtu. Mtoto wa yule Goodyear wa salfa, naye anaitwa Charles, ndo jina lake limekaa kwenye mashine ya kuushona, kama mwaka 1870 hivi. Lakini kulikuwa na sehemu moja mashine zimeshindwa, kuvuta ngozi juu ya kalibu la mguu na kuikunja vizuri kwenye kidole bila mikunyato, mafundi wa mkono walikuwa wanatamba kwamba hapo hakuna chuma kitakachowaweza. Akaja kijana mweusi kutoka Suriname, Jan Ernst Matzeliger, kaenda Lynn kule Massachusetts mji wa viatu, Kiingereza anajifunza huko huko, mchana kibarua kiwandani usiku anachora, na 1883 akapata hati ya mashine inayofanya kile kile. Fundi wa mkono alikuwa anatoa kama pea hamsini kwa siku, mashine ikaanza na mia na hamsini na ikaja kufika mia saba. Bei ya viatu ikashuka, buti zikafika mpaka kwa wauza samaki. Yeye kafa 1889, miaka thelathini na sita tu, kifua kikuu. Nilimsimulia mzee wa mwarobaini, akatikisa kichwa muda, akasema "mafundi wenzake si walimchukia huyo." Sijui, ila ndo alichofikiria yeye, na mi pia nilifikiria cherehani za umeme zilivyoingia nikaelewa.

Soli mpya kaniwekea ya mpira mgumu badala ya ngozi, kashona kwa mkono kwenye matundu yale yale ya zamani, elfu kumi na nane na soda. Mpira kwa Mtwara ni bora, soli ya ngozi mvua ikinyesha inateleza kwenye vigae vya benki kama umekanyaga mlenda. Kwa hiyo jumla nimetumia 53,000 na naamini zitanizika. Zile za elfu themanini na tano watoto wa jirani wanachezea nyumba ya kuku.

Kosa langu mwenyewe nilisema nisilifiche. Nimezivaa kwenda Msangamkuu, kuna kitchen party, tukapanda kivuko, kurudi maji yalikuwa yametoka kidogo, kushuka nikakanyaga maji ya bahari mpaka kifundoni, nikacheka tu nikapanda bajaji nikaenda nyumbani nikazitupa kwenye jua la uani. Kesho yake ngozi ngumu kama kigae na mistari myeupe ya chumvi imepanda mpaka kifungo cha tatu. Nililia kidogo. Mzee akanigombeza, "Ngozi ni kama ngozi yako, we ukitoka baharini unalala juani?" Dawa: kitambaa cha maji yenye siki kidogo, futa chumvi taratibu, rudia mpaka mistari iishe, jaza magazeti, kausha kivulini siku mbili au tatu, zikishakauka ndo upake mafuta ya ngozi. Kiwi ya kopo inang'arisha lakini hailainishi, watu wanachanganya hivyo vitu viwili. Mimi mafuta ya nazi nilijaribu kwa ubahili, rangi ikakolea madoa madoa upande mmoja na haijatoka mpaka leo, usiige.

Na masika, ukungu. Ziache wiki mbili bila kuvaa kwenye boksi la kufunga, utakuta zimeota manyoya ya kijani. Weka wazi, chini ya kitanda penye upepo, sio kwenye mfuko wa plastiki.

Watu wananiuliza hizi zinavaliwa na nini. Mi nazivaa na gauni la kitenge la kawaida linaloishia katikati ya mguu, zinakaa vizuri ajabu, buti inamalizia pale gauni linapoishia. Shangazi anasema naonekana kama mjeshi, na hata hapo hajakosea, ukiangalia buti fupi za kamba za kazini, zile za mafundi na zile Dr. Martens za vijana wa Dar zilizoanza kuuzwa 1960 Uingereza, mwili wake ni ule ule wa fundi wa enzi ya Victoria, ukanda umeshonwa, kamba mbele, kifundo kimeshikwa, kilichobadilika ni soli ya hewa na uzi wa njano. Hata viatu vya ofisini vya kamba ambavyo sehemu ya mbele imefungana kabisa juu ya ulimi, asili yake inatajwa kwenye buti za Balmoral alizovaa mume wa Malkia, mtu kaikata ile shingo tu kikabaki kiatu.

Nani asinunue: kama kazi yako ni ya kuvua viatu kila mara, mfano unaingia nyumba za watu au msikitini mara tano, hizi za vifungo zitakutoa imani, chukua za lastiki. Mguu mpana pia angalia, za kike nyingi zimebana sana mbele, mi navaa 38 kwa kawaida na nimechukua 39 ndo nikapona. Nyota nimezipa nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya joto na kwa ajili ya kile kifungo.

Kifungo chenyewe kiliruka mwezi uliopita nikipanda bodaboda kwa haraka, cha tano kutoka chini mguu wa kushoto, kikadondokea mtaroni na maji yakaenda nacho. Nimetafuta duka zima la vifaa vya ushonaji, vya plastiki vipo ila vikubwa, shina lake halipiti. Jirani yangu ana mjomba mchonga vinyago, nikampelekea kifungo kingine cha buti hiyo hiyo kama mfano, akachukua kipande cha mpingo kilichobaki kwenye kinyago akakitoboa akakisugua msasa, siku mbili akaniletea, na hela akakataa, kasema kidogo mno hakina bei. Kinang'aa kuliko vile kumi na tatu vingine, mtu akiangalia karibu anaona kabisa. Nimemrudia anichongee na badala ya hivyo kumi na tatu vilivyobaki ili vyote vifanane, safari hii nimemwambia bei lazima aitaje.